Ukope Kwenye Meno ya Mota

Jumatatu, 2 Machi

Kwa taarifa ya ulimwengu mzima, na hasa kwa wale waliokuwa wakisubiri kwa hamu: leo saa nne asubuhi, mimi, fundi wa vipimo, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, mume wa mke mmoja na mmiliki wa goti moja zima, nimekabidhiwa rasmi miwani ya kusomea. Hafla ilifanyika juu ya kiti cha plastiki, dukani kwa muuza miwani. Hotuba ilikuwa fupi: "Mzee, ishushe kidogo puani, usiivae kama mchomeleaji."

Mke wangu ameifunga kamba nisiipoteze. Nafanana na mkutubi aliyestaafu. Lakini sasa nausoma mwandiko wangu mwenyewe, na ndiyo maana nimefungua daftari hili. Nataka kujua kama miaka yote hii nilikuwa naandika kitu cha maana.

Mvua zimeanza leo. Unyevu chumbani kazini: 29.

Jumanne, 3 Machi

Mke wangu huwaambia majirani kwamba natengeneza mota. Matokeo yake wananiletea pampu za maji.

Mota zangu, ukizipanga mia, zinakaa juu ya ukucha wa kidole cha mwisho. Chukua vitana viwili, vielekeze meno kwa meno, ya hiki yaingie katikati ya yale ya kile bila kugusana. Ukitia umeme vinavutana, kama kitana ulichokisugua kichwani kinavyovuta vipande vya karatasi. (Kwa jaribio hilo siku hizi naazima kichwa cha mke wangu, changu hakina ushirikiano.) Kitana kikivutwa, kinasogeza kioo kidogo kuliko chembe ya unga. Kioo kikisogea, mwanga uliokuwa unaingia kwenye uzi huu wa mawasiliano unarukia uzi ule. Ndani ya mwanga huo mna simu za watu, picha za watu, ugomvi wa watu. Mota ikinata, ugomvi unakatika kabla mtu hajaomba msamaha.

Adui yetu ni maji. Unyevu ukipita arobaini, kijitone kisichoonekana kinajipenyeza kati ya meno, na meno yanashikana. Ndiyo maana tuna mashine ya kukausha hewa, inayokohoa kuliko mimi, na ndiyo maana kila siku saa nane mchana naimwagia ndoo yake ya maji nje. Watu hapa wanarekebisha saa zao kwa ndoo yangu.

Unyevu: 31.

Jumatatu, 9 Machi

Hesabu imeanza. Chipu kumi na mbili, yaani vipande vilivyobeba mota hizo, kila moja isogeze kioo chake mara milioni mia moja, mara hamsini kwa sekunde, mchana na usiku, siku ishirini na tatu. Wanunuzi wameweka sharti moja: zote kumi na mbili au basi. Ikinata hata moja, hawanunui, na wakubwa wa juu wamesema wazi kwamba wasiponunua, chumba chetu kinafungwa na sisi kumi na mmoja tunakwenda kutengeneza hizo pampu za majirani.

Mhandisi wetu, tunayemwita Mama Kioo kwa kuwa vile vioo vidogo ni wanawe, alituita pamoja. Amezichora mota hizi kwa miaka sita.

"Sheria mnaijua," alisema. "Kabla ya hesabu, safisheni mnavyotaka. Hesabu ikianza, hakuna mkono. Ikinata, andikeni imenata. Nitalia mimi, ninyi andikeni."

Kusafisha kwetu ni kwa ukope. Sifanyi mzaha. Brashi laini kuliko zote ni gogo kwa mota hizi, lakini ukope wa mtu, ukiubandika kwa gundi kwenye kijiti cha meno, unaondoa vumbi bila kuumiza kitu. Kope zangu ni fupi kama za kenge, kwa hiyo mfadhili wetu wa kudumu ni mdogo wangu wa kike, ambaye Mungu alimpa kope za watu watatu. Zikimdondoka ananitunzia kwenye karatasi iliyokunjwa.

Mume wake, Shemeji, ni fundi wa zamu ya wikendi. Vyote viwili nilimpa mimi: kazi kwanza, mdogo wangu mwaka uliofuata. Nikimkumbusha, husema kazi anaishukuru mpaka leo, na hilo la pili tutalijadili mkewe akiwa hayupo.

Unyevu: 34.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua tangu asubuhi. Fomu ya hesabu inataka sahihi yangu kila baada ya saa mbili za mchana, hata siku ambazo nimelala sebuleni. Kwa hiyo kila Ijumaa nasaini mistari yote ya Jumamosi na Jumapili, Shemeji anakuja kujaza namba. Tumefanya hivi miaka kumi na tisa.

"Shemeji," aliniambia leo akitazama fomu, "siku moja nitaandika hapa kwamba umenipa shamba."

"Andika. Kama utalipata hilo shamba, nitafutie na mimi kona."

Unyevu: 36.

Jumatatu, 16 Machi

Wikendi ilikwenda salama. Chipu zote zinatembea. Ndoo ilijaa mara mbili. 39.

Jumatano, 18 Machi

Unyevu 47. Hakuna jipya.

Alhamisi, 19 Machi

Fundi wa mashine ya kukausha hewa alikuja, akaigonga mara tatu kwa kiganja, ikaacha kukohoa. Nimemuuliza kama anatibu na magoti. 41.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua haijakatika siku nne. Nilitegemea mabaya, lakini Shemeji amejaza fomu ya wikendi mstari kwa mstari, hakuna iliyonata.

"Zimekuwaje?" nilimuuliza.

"Kama watoto wa shule siku ya mkaguzi," alisema.

Siku hizi ananiletea chai mwenyewe, ananishika bega. Ni mtu mwema. Nimekuwa nikimtania mno miaka hii. 40.

Jumatatu, 30 Machi

Mama Kioo aligundua kwamba namba mbili iko nyuma ya wenzake kwa saa tatu nzima. Shemeji akasema umeme uliyumba Jumapili. Mama Kioo akauliza mbona haukuyumbia zile nyingine kumi na moja. Shemeji akacheka, akasema waya wa namba mbili ulikuwa umelegea, ameshaukaza. Mimi nilikuwa nasafisha miwani. 42.

Jumatano, 1 Aprili

Zimemaliza. Zote kumi na mbili. Mama Kioo alinipa mimi heshima ya kuzima swichi. Alisema mbele ya watu wote: "Mkono huu ndio ninaouamini." Watu walipiga makofi. Shemeji alipiga kuliko wote.

Nilikuwa na njaa, nikawahi nyumbani.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua. Wanunuzi wameanza kuzitumia chipu kwenye mtambo wao. Mke wangu anasema naongea usingizini. Sikumuuliza nasema nini.

Jumatatu, 27 Aprili

Chipu namba nne imenata kwa wanunuzi, baada ya siku tisa tu. Wameirudisha, pamoja na picha waliyoipiga kwa hadubini.

Mama Kioo aliifungua picha kwenye skrini kubwa. Meno ya mota yalionekana makubwa kama ngazi, na katikati ya ngazi hiyo limelala gogo jeusi, limepinda kidogo, upande mmoja limekatika.

Hakuna gogo jingine duniani linalopinda namna ile.

"Huu ni ukope," alisema Mama Kioo taratibu. "Umeingia saa ngapi? Kabla ya hesabu niliikagua mwenyewe."

Kesho kikao.

Jumanne, 28 Aprili

Nitakiandika kikao kama kilivyokuwa.

Tulikaa watano: wakubwa wawili kutoka juu, Mama Kioo, mimi, Shemeji. Tulipokuwa tunaingia Shemeji alinishika bega, akaninong'oneza, "Tuko pamoja." Nilimshukuru moyoni. Nilikuwa nahitaji mtu.

Mkubwa mmoja akauliza ni nani aliyezisukuma chipu hesabu ikiendelea. Kabla sijasafisha koo, Shemeji alifungua mkoba wake. Alikuwa na nakala za fomu zote, zimepangwa kwa tarehe, zimebanwa vizuri. Mtu hapangi karatasi namna ile asubuhi ya kikao. Huzipanga usiku wa kuamkia kikao, sebuleni kwake, mdogo wangu akimpikia.

"Mimi ni mtu wa zamu ya wikendi tu," alisema. "Najaza namba. Mpimaji mkuu ndiye anayekagua na kusaini. Mnaweza kuona sahihi ni ya nani."

Akazisukuma katikati ya meza. Sahihi yangu mara themanini na kitu, nzuri, imenyooka.

"Shemeji," nilisema, "unajua za wikendi nilizisaini Ijumaa."

"Mimi najua nilichokiona kwenye karatasi."

"Jumapili mchana nilikuwa kwako. Tulikula meza moja, ukaenda kazini ukaniacha na mkeo."

"Mambo ya nyumbani tusiyalete hapa, mzee."

Mzee. Miaka kumi na tisa hajawahi kuniita mzee. Kwake mimi ni shemeji, hata tukigombana, hata nikimdai samahani. Leo nimekuwa mzee, kama mtu aliyekutana naye dirishani kwa karani.

Nilisema sentensi moja ambayo nilidhani ni nzuri: "Sahihi ni zangu, mkono si wangu." Mkubwa akaiandika. Nimesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Nimekabidhi funguo, koti jeupe na ndoo. Mtu wa mapokezi aliuliza ndoo ni ya nini.

Jumatano, 29 Aprili

Nilikwenda kwa mdogo wangu wakati mumewe hayupo. Alikuwa anaanika nguo barazani, mvua ikimtisha.

"Kaka, mbona umekuja mikono mitupu? Na miwani imekaa upande."

Nikamweleza. Aliendelea kubana nguo, kibanio baada ya kibanio, mpaka zikaisha. Kisha akasema bila kunitazama: "Aliniomba kope mara mbili mwezi wa tatu. Alisema ni wewe umemtuma. Alisema zako umezipoteza, unaona aibu kuniambia kwa sababu ya miwani mipya."

"Sikumtuma."

"Mara ya pili hazikuwa zimedondoka. Nilizing'oa, kaka. Nikasema kaka yangu asiaibike."

Alishika jicho lake la kulia, kama bado linauma. Nilishindwa hata kufanya mzaha, na mimi huwa nafanya mzaha hata msibani.

Ijumaa, 1 Mei

Nyumbani. Mke wangu amenipangia kazi ya kuchambua vifuniko vya sufuria, kila kimoja nikitafutie mwenzake. Sita havina wenzao.

Nimekuwa nikiwaza juu ya zile chai alizoniletea. Kila kikombe.

Jumatatu, 4 Mei

Mama Kioo alipiga simu. Nilimweleza habari ya kope. Akasema kuna jambo: mashine ya kuhesabu ina kumbukumbu ya kila mara chipu iliposimama, tarehe na saa. Sisi huwa tunasoma jumla tu, hakuna aliyewahi kuifungua. Ameandikia walioitengeneza wamwelekeze.

"Kama ni yeye, itamwonyesha," alisema. "Usihuzunike, mzee wangu. Mimi sikuamini karatasi kukushinda wewe."

Nilipaswa kufurahi.

Jumatano, 6 Mei

Kikao cha pili. Mvua imekatika tangu jana, madirisha yalikuwa wazi.

Mama Kioo alisoma: chipu zilisimama mara kumi, zikaondoka tena. Mara tisa ni Jumamosi na Jumapili za tarehe 21, 22, 28 na 29, zamu ya Shemeji peke yake. Kope za mdogo wangu nazo zilitajwa. Hakubisha tena. Alisema alitaka chumba kisifungwe, alisema ana familia, kana kwamba familia hiyo mimi siijui.

Halafu, akiwa tayari ameshaanguka, akajaribu kunitupia na ya kumi, ile moja ya Jumatano. Mama Kioo alimnyamazisha.

Amefukuzwa kazi. Mimi nimerudishiwa funguo, koti na ndoo. Wanunuzi wamekubali hesabu mpya ianze Jumatatu, na mashine mpya ya kukausha hewa imeagizwa.

Tulipotoka alinipita ukumbini bila kunisalimia. Miaka kumi na tisa. Mtu aliyenichoma kisu mgongoni na bado akatafuta pa kuongeza.

Ijumaa, 8 Mei

Mdogo wangu amekuja. Hakukaa.

"Nimemwambia yale aliyokufanyia sitayasahau," alisema. "Kunitumia mimi, na kukuuza wewe, yote mawili. Lakini anasema ya Jumatano si yake. Ameapa mbele ya watoto. Kaka, nakuuliza mara moja tu."

"Umesikia alichosema Mama Kioo."

"Sikumuuliza Mama Kioo."

Nikamwambia mtu aliyesema uongo mara tisa hashindwi na wa kumi. Nilisema kwa sauti nzuri sana, ile ninayotumia kuelezea wageni mota.

Akatoa karatasi iliyokunjwa, akaiweka mezani karibu na miwani yangu. Ndani mlikuwa na kope nne.

"Hizi nilikutunzia. Za mwezi ujao tafuta mtu mwingine."

Jumapili, 10 Mei

Nimelisoma daftari hili tangu mwanzo. Mwandiko unasomeka vizuri. Kuna ukurasa mmoja wa uongo, na ni mfupi kuliko yote.

Tarehe 18 Machi niliandika kwamba hakuna jipya. Hiki ndicho kilichotokea.

Mvua ilikuwa kubwa, unyevu ukafika 47. Saa nane ilipita na ndoo sikuimwaga, kwa sababu sikutaka kuiacha chipu namba nne. Kioo chake kilikuwa kinachelewa, kama mtu anayenyanyuka kitini kwa shida. Saa nane na dakika ishirini kikasimama. Mama Kioo alikuwa kwenye mkutano juu. Nilikuwa na kalamu mkononi, na neno lenyewe ni moja tu: imenata. Niliwaza miaka yake sita. Hapana, nitakuwa mkweli: kwanza niliwaza kazi yangu, halafu miaka yake sita ikaja kunisaidia.

Niliweka kalamu, nikachukua ukope. Niliugusisha kwenye meno, nikasukuma. Mota ikaondoka. Haikuzidi nusu dakika.

Nilipogeuka, Shemeji alikuwa nyuma ya kioo cha mlango. Haikuwa zamu yake, alipita tu kuniona, na vikombe viwili vya chai. Aliingia, akanipa kimoja, tukanywa. Hakusema neno, na mimi sikusema. Nilidhani ule ukimya ni undugu. Labda kweli ulikuwa undugu, mpaka nilipoutumia kama kificho na yeye akautumia kama ruhusa.

Wikendi ya tarehe 14 na 15 alikuwa peke yake humo ndani na mkono wake haukugusa kitu. Kumbukumbu ya mashine inaonyesha. Alianza baada ya kuniona.

Na kikao cha pili sikukiandika chote. Shemeji alisema: "Tisa ni zangu, nazikubali. Ya Jumatano si yangu."

"Ni ya nani?" aliulizwa.

"Muulizeni shemeji."

Alirudi kuniita shemeji. Nililisikia neno hilo wazi.

Mama Kioo hakunigeukia hata. "Saa nane huwa anamwaga ndoo," alisema. "Miaka yote saa nane anamwaga ndoo. Usimwongezee mzee wa watu."

Sikusema uongo. Niliinamisha kichwa tu, kama mtu aliyeonewa, na nilikuwa nimeonewa kweli, ndiyo maana ilikuwa rahisi.

Alinisaliti, na sijamsamehe. Alizipanga zile karatasi, akamfanya mdogo wangu ang'oe kope zake kwa jina langu. Hayo ni yake na abaki nayo. Lakini chipu iliyorudishwa, yenye gogo lile kwenye picha, ni namba nne. Mashine inasema namba nne ilisimama mara moja tu katika siku zote ishirini na tatu.

Nimenakili ukurasa huu mara mbili. Nakala moja nitampa Mama Kioo kesho saa mbili asubuhi, kabla hesabu mpya haijaanza, na funguo juu yake. Ya pili nitampelekea mdogo wangu, na nitamwomba amsomee mumewe.

Limebaki moja. Siku ile nilipouinua ukope kutoka kwenye mota, niliona ncha yake imekuwa fupi. Kidogo sana, lakini niliona. Nilijiambia ni macho yangu tu, macho ya mtu mzima. Miwani nilikuwa nimeivaa.